Je, Wajua? Siku za Kujiuguza Baada ya Upasuaji wa Utumbo

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kama kwingine nchini Tanzania, tumbo hufunguliwa kwa sababu zinazojulikana: ngiri iliyonasa, kidole tumbo kilichopasuka, utumbo uliojisokota, au utumbo uliotobolewa na homa ya taifodi. Wengine hupasuliwa hospitali ya wilaya, wengine hupelekwa hospitali za Nyangao, Ndanda, Lindi mjini au Mtwara. Upasuaji wenyewe huisha kwa saa chache. Kupona huchukua wiki nyingi, na sehemu kubwa ya wiki hizo mgonjwa huzimalizia nyumbani, mikononi mwa mke, dada au binti ambaye mara nyingi hakuelezwa atarajie nini. Gesi, kwikwi, mshono unaovuta, choo kinachogoma: kila kimoja kina sababu yake, na karibu kila kimoja kina njia ya kukipunguza. Haya ni baadhi ya mambo ambayo anayeugua na anayeuguza wanastahili kuyajua.

1. Utumbo hausikii kisu

Je, wajua kwamba utumbo ukikatwa au kuchomwa hausikii maumivu? Daktari Karl Gustav Lennander wa Uppsala, Sweden, alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya kuwapasua wagonjwa waliotiwa ganzi sehemu ya ngozi tu, wenyewe wakiwa macho. Kinachouma baada ya upasuaji ni ngozi, misuli na utando unaolizunguka tumbo kwa ndani. Utumbo huuma kwa sababu nyingine: unapotanuka au unapovutwa. Ndiyo maana siku ya pili au ya tatu mgonjwa anaweza kuilalamikia gesi kuliko mshono. Hadeki. Anasema kweli.

2. Utumbo hulala, kisha huamka kwa zamu

Ukuta wa utumbo una mtandao wake wa neva, wenye seli zaidi ya milioni 100. Ukishikwashikwa wakati wa upasuaji, mtandao huo husimamisha kazi. Kwa kawaida utumbo mwembamba huanza kucheza tena ndani ya saa 24, mfuko wa chakula kati ya saa 24 na 48, na utumbo mpana huwa wa mwisho, saa 48 hadi 72. Katika siku hizo tumbo hujaa, kichefuchefu huja, na kwikwi huweza kusumbua. Kama hali hiyo inapungua siku hadi siku, utumbo unaamka. Kama inazidi, na mgonjwa anatapika, daktari aambiwe siku hiyohiyo.

3. Hewa ikitoka, isemwe

Je, wajua kwamba kujamba ni taarifa ya kitabibu? Nesi anapopita asubuhi huuliza kwa upole: "Shikamoo bibi. Hewa imeshatoka?" Bibi humtazama mkwewe aliyesimama miguuni pa kitanda ameshika chupa ya uji, akainamisha uso na kujibu, "Marahaba mwanangu. Bado." Kumbe imetoka tangu alfajiri. Jibu hilo la haya huingia kwenye faili, na huenda likachelewesha uji, au likawafanya wauguzi waingiwe na wasiwasi pasipo sababu.

Heshima ya mkwe ni jambo jema, na ina dawa rahisi: wakati wa raundi wakwe watoke nje kidogo, abaki mtu ambaye mgonjwa hamwonei haya. Siku hizi madaktari wengi hawasubiri hewa ndipo waruhusu kunywa na kula kidogo. Hata hivyo, hewa ikitoka, haja kubwa ikapatikana na chakula kikatulia tumboni, hizo ni dalili tatu nzuri, na wanaokutibu wanahitaji kuzisikia.

4. Jojo na kahawa vimo katika utafiti

Mwaka 2002 madaktari wa Japani walichapisha utafiti mdogo kuhusu wagonjwa waliopasuliwa utumbo mpana na kupewa jojo watafune. Hewa yao ilitoka mapema kuliko ya wenzao. Sababu ni kwamba kutafuna huudanganya mwili udhani chakula kinakuja: mate hutoka, na neva inayoshuka kutoka kichwani huuamsha utumbo. Mwaka 2015 mapitio ya tafiti 81, zenye washiriki zaidi ya 9,000, yalionyesha kwamba jojo husaidia kiasi, ingawa nyingi ya tafiti hizo hazikuwa imara.

Kahawa nayo ilijaribiwa Heidelberg, Ujerumani. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliokunywa kahawa walipata choo cha kwanza baada ya saa 60 hivi, na waliokunywa maji baada ya saa 74. Kwa hiyo kikombe kidogo cha kahawa chungu huenda kikamfaa mgonjwa, mradi daktari amekubali na hakuna kutapika.

5. Khanga iliyokunjwa ni kinga ya mshono

Baada ya tumbo kufunguliwa, mtu huogopa kukohoa. Hupumua kwa juujuu, makohozi hukaa kifuani, na nimonia huingia. Hospitali nyingi duniani humfundisha mgonjwa kukumbatia mto anapokohoa. Nyumbani khanga inatosha. Ikunje mara kadhaa mpaka iwe nene, iweke juu ya mshono, ibane kwa viganja vyote viwili, kunja magoti kidogo, vuta pumzi ndefu, kisha kohoa. Misuli haivutwi sana, na woga hupungua. Rudia pumzi ndefu kama kumi kila saa unapokuwa macho. Khanga hiyo hiyo hufaa kwa kupiga chafya, kucheka na kuinuka.

6. Kulala tu siyo kupumzika

Kwa miaka mingi waliopasuliwa tumbo walilazwa chali wiki mbili au zaidi. Mwaka 1899 Emil Ries, daktari wa Chicago, aliandika kwamba wagonjwa wake walioamshwa mapema walipona vizuri kuliko waliolazwa. Wengi hawakumsikiliza. Katika miaka ya 1990 Henrik Kehlet wa Denmark aliyaunganisha mambo kadhaa: dawa nzuri za maumivu, mipira michache mwilini, kunywa na kula mapema, na kutembea mapema. Wagonjwa wake wa utumbo mpana walianza kurudi nyumbani baada ya siku mbili au tatu, wakati kwingine walikaa wiki nzima na zaidi. Njia yake sasa inafuatwa katika nchi nyingi.

Kutembea huuamsha utumbo, husukuma gesi na huzuia damu kuganda miguuni. Namna ya kuamka pia ina ufundi wake. Usijiinue moja kwa moja kutoka chali. Kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja, shusha miguu ukingoni mwa kitanda, kisha jisukume kwa mkono mpaka ukae. Kaa kidogo kizunguzungu kiishe, ndipo usimame. Anayeuguza asimame karibu, asimvute mgonjwa kwa mikono.

7. "Jikaze" si tiba

Tumelelewa kuvumilia. Mzee wa Ruangwa anaweza kulala na maumivu usiku kucha asimwamshe mtu, na asubuhi akasema, "Sijambo." Uvumilivu huo una gharama baada ya upasuaji wa tumbo. Mwenye maumivu makali hapumui vizuri, hakohoi, hatembei, na utumbo wake huchelewa kuamka. Dawa ya maumivu ni sehemu ya matibabu, sawa na dripu na dawa ya kidonda. Paracetamol hufanya kazi vizuri zaidi ikinywewa kwa saa zilizopangwa kuliko kusubiri maumivu yapande kileleni.

Kwa maumivu makali ipo mofini. Jirani zetu wa Uganda waliweka historia katika hili. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kueneza mofini ya maji, dawa ya kunywa iliyo rahisi kutengenezwa. Baadaye Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa nguzo ya dawa hiyo. Jambo moja la kukumbuka: mofini na dawa za jamii yake hufunga choo, hivyo zinapotolewa uliza mapema kuhusu dawa ya kulainisha. Na usijinunulie diclofenac dukani bila kumwuliza daktari, kwa kuwa dawa za aina hiyo zinaweza kuumiza mfuko wa chakula na figo.

8. Bega linaweza kuuma wakati kilichopasuliwa ni tumbo

Neva inayohudumia kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, huanzia shingoni, mahali pamoja na neva za bega. Hewa iliyobaki chini ya kiwambo ikiisumbua neva hiyo, ubongo huyasikia maumivu begani. Hutokea sana kwa waliopasuliwa kwa matundu madogo, ambao tumbo lao hujazwa gesi ya kaboni dioksidi. Huisha kwa siku chache, na kutembea husaidia. Lakini maumivu ya kifua, au kukosa pumzi, ni jambo jingine kabisa na hayasubiri.

9. Mazao yetu yanangojea zamu yake

Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo, zilizochaguliwa na Waingereza kwa mradi mkubwa wa karanga ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi huo kutoka pwani iling'olewa miaka ya 1960, lakini karanga zimebaki, pamoja na korosho, ufuta na mbaazi. Vyote ni vyakula vizuri. Kwa utumbo uliounganishwa majuzi, vingine ni vigumu.

Mbaazi na jamii yake zina aina ya sukari ambayo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja. Hufika utumbo mpana ikiwa nzima, vijidudu huichachusha, na gesi hujaa. Zikirudi mezani, ziloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya, na anza na kijiko kimoja. Korosho na karanga nzima zisipotafunwa sawasawa zinaweza kuziba mahali palipounganishwa au kwenye mdomo wa utumbo uliotolewa nje ya ngozi ya tumbo (tazama namba 13). Karanga zilizosagwa laini hazina hatari hiyo. Wiki za mwanzo chakula kiwe uji mwepesi, wali laini, ndizi mbivu, mayai na samaki, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku.

10. Nyuzinyuzi zilipata mtetezi wake Afrika Mashariki

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira kisha Mulago. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaza hospitali za Uingereza yalikuwa adimu kwa wanavijiji wa Uganda. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba choo cha wanavijiji hao kilikuwa na uzito zaidi ya mara nne ya kile cha Waingereza waliopimwa, nacho kilipita mwilini kwa muda usiofika nusu. Sababu aliyoitetea ni chakula chenye nyuzinyuzi. Kwa hiyo, wiki za uji mwepesi zikiisha na daktari akaridhia, rudi polepole kwenye ugali wa dona, mboga za majani na matunda. Usikae kwenye wali mweupe maisha yako yote kwa kuogopa mshono uliokwisha pona.

11. Lita tisa hupita tumboni kila siku

Maji unayokunywa ni kama lita mbili tu. Mate, nyongo na maji mengine ya mwili huongeza lita saba hivi. Karibu yote hufyonzwa, na kinachotoka na choo kwa kawaida hakifiki robo lita. Sehemu ya utumbo ikiondolewa au kutolewa nje, hesabu hiyo huvurugika, na mtu anaweza kupungukiwa maji akiwa amekaa kivulini. Choo kikiwa cha majimaji, maji matupu hayatoshi. Chumvi nayo inapotea. Tumia pakiti ya ORS, au changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vya kusawazisha. Madafu yana potasiamu kwa wingi, na potasiamu ikipungua mwilini utumbo hulegea. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

12. Bunyoro walifunga tumbo kabla ya hospitali kufika

Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo, mwanamke akizalishwa kwa upasuaji na mtaalamu wa kienyeji. Mama alipewa pombe ya ndizi. Tumbo na mikono ya mpasuaji vilioshwa kwa pombe hiyo. Jeraha lilifungwa kwa misumari myembamba saba ya chuma na nyuzi, likapakwa dawa ya mizizi, likafunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto, kisha tumbo likazungushiwa kitambaa cha gome la mti na kukazwa. Felkin aliandika kwamba siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Kukaza tumbo kwa kitambaa kunajulikana pia pwani yetu, ambako mama aliyejifungua hufungwa mkaja. Tafiti za hospitali zimeonyesha kwamba mkanda wa tumbo baada ya upasuaji hupunguza maumivu na kumsaidia mgonjwa kutembea. Usikazwe mpaka ukabana pumzi, usipite juu ya utumbo uliotolewa nje, na ufunguliwe ili kidonda kikaguliwe. Kukanda kwa maji ya moto na kuchua tumbo, hapana. Mshono mpya hauchuliwi.

13. Nyekundu, yenye unyevu, isiyouma

Wagonjwa wengine huamka wakiwa na sehemu ya utumbo iliyotolewa nje ya ngozi ya tumbo, ili choo kipitie hapo kwa muda au kwa kudumu. Huitwa stoma. Rangi yake nzuri ni nyekundu au ya waridi, nayo huwa na unyevu. Kwa kuwa utumbo hausikii kuungua, maji ya kuosha yawe ya uvuguvugu tu, yapimwe kwa mkono. Inayoumia ni ngozi ya pembeni inapoguswa na choo, hivyo ioshwe na kukaushwa kila mara. Mifuko maalumu huwa adimu na ghali mbali na miji mikubwa, na familia nyingi hutumia nailoni na vitambaa. Waombeni wauguzi wawaonyeshe namna ya kufunga kabla ya kuruhusiwa kutoka. Stoma ikigeuka rangi kuwa nyeusi, ni dharura.

Walioondolewa sehemu ya mwisho ya utumbo na njia ya haja huweza bado kuhisi haja inawabana. Ubongo unakumbuka kiungo kisichokuwepo. Hisia hiyo ni ya kweli na inajulikana hospitalini.

14. Matuta hupima tumbo

Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti kuhusu watu walioletwa wakishukiwa kuwa na kidole tumbo. Kati ya 34 waliothibitika kuwa nacho, 33 walisema maumivu yalizidi gari lilipopita kwenye matuta. Safari ya kurudi nyumbani kutoka Ndanda au Nyangao nayo ina mitikisiko yake. Kunywa dawa ya maumivu kabla ya kuondoka, kaa mbele ya gari ukiweza, weka khanga iliyokunjwa kati ya mkanda na mshono, na mwombe dereva apunguze mwendo. Bodaboda kwenye njia ya mashimo isiwe chaguo la wiki za mwanzo.

15. Mshono haurudi kamwe kwenye nguvu zote za mwanzo

Baada ya wiki tatu, kidonda kina takriban robo ya nguvu ya asili, au chini ya hapo. Baada ya miezi mitatu hufika kama asilimia 80, na hapo ndipo huishia. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 hivi, na mashine ya kupulizia mikorosho hubebwa mgongoni. Ushauri wa kawaida ni kutobeba kitu kizito kwa wiki sita au zaidi, la sivyo ngiri huweza kuota palepale penye mshono. Msimu wa korosho haumngoji mtu, hilo linaeleweka. Ndipo ndugu na majirani wanapohitajika, wabebe maji, wapulizie mikorosho, waokote. Anayempunguzia mgonjwa ndoo moja anamtibu.

16. Muuguzi wa Nachingwea

Samora Machel, aliyeongoza mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, katika kambi ya Nachingwea, alikuwa muuguzi kwa taaluma. Mwaka 1984, yeye akiwa Rais, Msumbiji ilianza kuwafundisha upasuaji wataalamu wasio madaktari ili wahudumie wilaya za mbali. Tanzania ilikuwa imeshatangulia: tangu 1963 ilifundisha madaktari wasaidizi, na hao wamefungua matumbo na kuokoa maisha katika hospitali nyingi za wilaya. Wao na wauguzi wa zamu ndio watu wa kuwauliza. Usimuonee aibu anayekuuliza kuhusu choo chako.

Dalili zisizongoja kesho

Rudi hospitali mara moja ukiona homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika mfululizo, hewa na choo kukatika kabisa, mshono kuwa mwekundu, kutoa usaha, majimaji mengi au choo, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi. Mshono ukiachia na utumbo ukaonekana, usiurudishe ndani. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowanishwa maji safi yenye chumvi kidogo, mgonjwa alale chali amekunja magoti, asile wala asinywe, na apelekwe hospitali haraka.

Wewe unayeuguza, muulize mgonjwa wako maswali matatu kila asubuhi: maumivu yakoje, hewa imetoka, umetembea? Na wewe uliyepasuliwa, jibu kweli.